Nimesoma Vitabu 41, Nakumbuka Majalada

Barua nyingi zilizotufikia mwishoni mwa mwaka zilihusu hesabu ya usomaji: nani amesoma nini, kiasi gani, na kwa faida ipi. Tumechagua tatu. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa ya safu hii kwa sababu ndani yake mna maswali mawili matatu yaliyofungwa pamoja. Mbili zilizobaki zitajibiwa kwa ufupi. Majina ya walioandika yamehifadhiwa kwa ombi lao.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salamu nyingi. Mwanzoni mwa mwaka uliopita nilijiwekea nadhiri ya kuacha kusoma vitabu vya aina moja. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa riwaya za upelelezi tu, nikimaliza moja naanza nyingine. Nikaamua kuchanganya historia, ushairi, tamthilia, wasifu wa watu, sayansi iliyoandikwa kwa ajili yetu tusio wanasayansi, hata kitabu kimoja cha falsafa. Nadhiri nimeitimiza, na orodha yangu ina vitabu 41. Lakini wiki ya mwisho ya Desemba niliketi na orodha ile nikitaka kuandika kurasa mbili tatu za tafakuri ya mwaka, nikagundua kwamba vitabu ninavyoweza kumweleza mtu aliyekaa mbele yangu havizidi tisa. Vingine nakumbuka rangi ya jalada, au kwamba nilikisoma wakati naumwa, au kwamba mhusika mmoja alikuwa na kikohozi. Rafiki yangu, ambaye husoma vitabu vitano kwa mwaka na kuvirudia, ameniambia kwamba nimemeza bila kutafuna. Je, mwaka wangu umepotea bure? Na nikitaka kuandika tafakuri ya kweli, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, huyo mhusika mwenye kikohozi ndiye aliyenifanya niichague barua yako. Umesahau jina lake, umesahau alikuwa akitafuta nini na kama alikipata, lakini kikohozi chake kimekaa nawe hadi Desemba, na sina shaka mwandishi alikiweka pale makusudi. Naanzia hapo kwa sababu swali lako linachukulia kwamba kitabu kilichosomwa ama kimo kichwani kizima, ama hakimo kabisa, nami siamini kwamba kumbukumbu hutenda kazi hivyo.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akiwa ndiye mpimaji na ndiye mpimwa. Alikuwa akikariri safu za silabi zisizo na maana yoyote, anaziacha kwa muda, kisha anazikariri upya. Watu wengi humtaja kwa habari mbaya tu, yaani kwamba usahaulifu huja mbio: saa moja baada ya kukariri, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha potea. Lakini tazama alichokuwa akikipima. Hakujiuliza anakumbuka silabi ngapi; alipima juhudi aliyoiokoa alipozikariri mara ya pili. Baada ya siku moja aliokoa theluthi moja hivi, na baada ya siku 31 akiba hiyo ilikuwa bado asilimia 21. Kwa maneno mengine, hata mahali alipojiona hana kitu, mara ya pili haikuwa sawa na ya kwanza. Na hizo zilikuwa silabi tupu, zisizo na kisa wala mtu wa kukohoa.

Jambo hilo nimelishuhudia kwangu mwenyewe mwaka huu. Mwezi Februari nilisoma kitabu kinene kuhusu historia ya upimaji wa muda, na kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimebaki na wazo moja tu, kwamba mabaharia wa zamani walihitaji saa isiyokosea ili wajue wako longitudo gani, kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na hivyo saa ikikosea dakika nne, meli imejidhania iko digrii nzima mbali na ilipo. Mengine yote yalikuwa yamefutika. Mwezi Novemba nikakifungua tena ili kuhakikisha tarakimu moja, nikajikuta nimesoma kurasa zipatazo themanini katika jioni moja, zile zile zilizonichukua wiki nzima hapo kwanza. Kwenye pambizo ya ukurasa mmoja palikuwa na alama ya kuuliza niliyoiandika kwa penseli mwezi Februari, kubwa na yenye hasira, karibu itoboe karatasi. Nilisoma aya ile mara mbili nikitafuta kilichokuwa kimenishinda, na sikukiona. Kwa hiyo swali la kama mwaka wako umepotea nalijibu hapa hapa: haujapotea, ila akiba yake hutaiona mpaka urudi kuidai.

Hata hivyo, rafiki yako si wa kupuuzwa, kwani hoja yake ina umri wa karibu miaka elfu mbili. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alimwandikia rafiki yake Lucilius mfululizo wa barua, na katika barua ya pili alimwonya asirukeruke kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine, maana mche unaohamishwa kila mara haushiki mizizi, na mtu anayesafiri maisha yake yote hupata wenyeji wengi na marafiki hana. Ni maneno mazito, na rafiki yako akiyasikia atafurahi. Lakini asiishie katikati ya barua. Akifika mwisho wake atamkuta Seneca huyo huyo akimpa Lucilius neno la kutafakari alilolichuma siku ile kwa Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki ambaye mafundisho yake yalishindana na ya Wastoa, kundi la wanafalsafa la Seneca mwenyewe, na akijitetea kwamba yeye huvuka hadi kambi ya wengine, si kama mtoro bali kama mpelelezi. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo. Wewe uliyelelewa na riwaya za upelelezi una haki ya kulichukua neno hilo kuwa lako.

Sasa nikueleze kitabu kilichonishika zaidi mwaka huu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha faida ya kuchanganya ni ipi. Ni tawasifu ya mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, aliyoiandika mwaka 1876 kwa ajili ya familia yake na ambayo mwanawe aliichapisha mwaka 1887, miaka mitano baada ya kifo cha baba yake. Niliifungua nikitarajia mbawakawa na visiwa, na mbawakawa wamo kweli. Lakini ukurasa ulionisimamisha hauhusu wanyama. Darwin anasimulia kwamba hadi alipofika umri wa miaka thelathini au zaidi kidogo, ushairi ulikuwa ukimpa furaha kubwa, na kwamba katika ile safari ya meli ya Beagle, iliyoanza Desemba 1831 na kumalizika Oktoba 1836, kila alipokwenda matembezi ya nchi kavu na kulazimika kubeba kitabu kimoja tu, alimbeba mshairi Milton. Hebu fikiri: kijana aliyekwenda kukusanya mawe na wanyama, mwenye nafasi ya kitabu kimoja mfukoni, na kitabu hicho ni shairi.

Kisha anakiri kwamba uzeeni hawezi tena kustahimili hata mstari mmoja wa ushairi, na kwamba alipojaribu kumrudia Shakespeare alichoshwa naye hadi kichefuchefu. Riwaya ndizo zilizobaki kumliwaza, hasa zile zenye mwisho mwema. Anaisikitikia akili yake kwamba imegeuka kuwa kama mashine ya kusaga kanuni kutoka katika lundo la taarifa, na anasema lau angeishi tena angejiwekea sharti la kusoma mashairi kidogo na kusikiliza muziki walau mara moja kila wiki. Anaandika hayo bila kulia wala kujisifu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mti aliouchunguza muda mrefu. Ukurasa huo nimeukunja pembe, tabia ambayo huwakemea wengine wakiifanya.

Sadfa ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nikisoma *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Julius Nyerere, ambayo aliitoa kwanza mwaka 1963 na kuitoa tena ikiwa imesahihishwa mwaka 1969. Basi jioni namsoma mwanasayansi anayechefuliwa na Shakespeare kwa kuwa kazi yake imemla, na asubuhi namsoma Shakespeare katika Kiswahili cha kiongozi wa nchi ambaye kazi yake haikuwa ndogo, na ambaye hakuridhika kuitafsiri tamthilia hiyo mara moja tu bali aliirudia. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivyo viwili kinachozungumza juu ya mwenzake. Mazungumzo yao yalifanyika kwenye meza yangu, kwa sababu tu vilikuwa vimewekwa kimoja juu ya kingine.

Na hayakuishia hapo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimkwepa Euphrase Kezilahabi mshairi, ingawa riwaya zake nazisoma. Mimi ni mtu wa vina na mizani, na ugomvi mkali uliozunguka mashairi huru baada ya diwani yake ya *Kichomi* kutoka mwaka 1974 niliujua zaidi kwa kusimuliwa kuliko kwa kusoma mashairi yenyewe. Ule ukurasa wa Darwin ulinitia hofu. Nilijiuliza kama msimamo wangu ni msimamo kweli, au ni kiungo kilichokufa ganzi kwa kutotumiwa. Nikaichukua *Kichomi*, nikawa nasoma mashairi mawili kila usiku kwa kujilazimisha kwanza, na baadaye bila kujilazimisha. Sikuhama kambi. Sikio langu bado hutafuta kina mwishoni mwa kipande na likikikosa hunung’unika. Lakini nimeona jambo ambalo mabishano yale hayakuwahi kunionyesha, kwamba mshororo uliokatwa mfupi humlazimisha msomaji kuvuta pumzi mahali ambapo mizani isingemruhusu, na maana nyingine imekaa ndani ya ile pumzi. Kama ningesoma mashairi tu mwaka mzima, nisingefika kwa Kezilahabi. Aliyenipeleka ni mchunguzi wa mbawakawa.

Ndiyo maana ushauri wangu juu ya tafakuri yako ni kwamba usijaribu kuandika juu ya vitabu 41. Ukifanya hivyo utaandika katalogi, na katalogi unayo tayari. Tafuta mahali ambapo kitabu kimoja kilikigusa kingine, hata kama ni mahali patatu tu. Riwaya zako za upelelezi, kwa mfano, zilikufundisha kumshuku msimulizi; je, ulikisoma kile kitabu cha historia kwa jicho hilo hilo, au ulimwamini mwanahistoria kwa kuwa ana tanbihi? Kile cha falsafa, ulichokitaja kwa neno “hata”, kilikusumbua wapi? Ulipokuwa mgonjwa ulisoma nini, na kama usingekuwa mgonjwa ungekiacha?

Kabla ya yote, orodha ifunike. Andika kwanza unachokikumbuka, kibovu kilivyo, ndipo uvifungue vitabu. Kuna sababu nzuri ya kufuata mpangilio huo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma makala na kuyarudia, na wengine walisoma mara moja kisha wakajilazimisha kuyaandika bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56 hivi, na wenzao asilimia 42. Jasho la kutafuta kumbukumbu ndilo linaloikaza. Ukianza kwa kupekua vitabu utajisikia unajua kila kitu, na hisia hiyo ni ya muda mfupi.

Halafu linganisha. Makosa utakayoyakuta usiyafiche, kwa sababu mara nyingi ndiyo sehemu bora ya tafakuri. Mimi mwaka huu niliwasimulia watu kadhaa, kwa kujiamini kabisa, kisa cha karani aliyeficha barua ya kifo kwa muda wa miezi ili familia isivunje sherehe, nikasema nimekisoma katika kitabu cha historia. Kijana mmoja aliyekuwepo akaniomba jina la kitabu, nikampa. Nilipokuja kupitia daftari langu nikakuta kisa kile kimeandikwa chini ya riwaya niliyoisoma mwezi mmoja kabla. Sijui yule kijana alipekua kurasa ngapi akimtafuta karani ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aibu ile ilinifungulia swali ambalo lilinichukua siku nyingi: kwa nini akili yangu ilimhamisha? Nadhani ni kwa sababu kitabu cha historia kilijaa tarehe na hakikuwa na mtu, na akili, ikiona nyumba haina mkazi, ikampeleka wa nyumba ya jirani.

Kama utahitaji mwenzio wa kukufariji, mchukue Mfaransa Michel de Montaigne, aliyefariki mwaka 1592. Anasimulia kwamba zaidi ya mara moja alikamata kitabu akidhani ni kipya kwake, kumbe alikwisha kukisoma kwa makini miaka ya nyuma na kukijaza maandishi yake mwenyewe. Dawa aliyoitunga ni rahisi, nami nimeiiga: mwishoni mwa kitabu aliandika alikimaliza lini, na maoni yake kwa jumla juu yake. Mistari minne inatosha. Nimegundua kwamba nikiandika zaidi ya hapo naanza kumwandikia mtu mwingine.

Kuhusu namba 41 yenyewe, sina mengi. Mimi nina 27, na nakiri kwamba niliposoma barua yako nilihesabu tena.

SWALI: Nililelewa kwamba kitabu kikianzwa sharti kimalizwe. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, niliacha vitabu vitatu njiani, na kimoja kati yake ni riwaya ambayo kila ninayekutana naye anaisifu. Je, niviweke katika orodha yangu ya mwaka, au huko ni kujidanganya?

JIBU: Dada yangu, viweke, ila kando ya jina andika ukurasa ulioishia na sababu kwa sentensi moja. Orodha ya vitabu vilivyomalizwa huonyesha subira ya mtu. Orodha ya vilivyoachwa huonyesha alivyo, nami ningependa zaidi kuisoma hiyo ya pili.

Lakini uwe mkali katika ile sentensi moja. “Kinachosha” si sababu mpaka useme kilikuchosha mara ngapi, na nani aliyekuwa amechoka. Ninayo riwaya moja niliyoiacha mara mbili, miaka miwili tofauti, zote karibu na ukurasa wa sitini, na mara zote mbili niliandika kwamba wahusika ni wengi mno. Mwaka huu niliianza mara ya tatu, Jumamosi asubuhi badala ya usiku wa manane baada ya kazi, nikiwa na kipande cha karatasi cha kuandikia majina. Nikapita ukurasa wa tisini kabla sijainua kichwa. Wahusika walikuwa kumi na mmoja tu. Kile kipande cha karatasi bado kimo ndani ya kitabu, na majina matatu ya mwisho sikuyaandika, kwa kuwa sikuyahitaji tena.

Kwa upande mwingine, kipo kitabu cha ushauri wa maisha nilichokiacha ukurasa wa 34 na sitakirudia hata nikifungiwa nacho chumbani. Mambo mawili hayo hayafanani, na atakayekuambia kwamba kila kitabu kilichoachwa kinakudai, au kwamba hakuna kinachokudai, hajakusaidia. Riwaya hiyo inayosifiwa na watu wote ipe mwaka mmoja mwingine na saa nyingine ya siku. Ikikushinda tena, sifa ni zao na muda ni wako.

SWALI: Kati ya vitabu 19 vya mwaka wangu, saba nilivisikiliza kwa sauti nikiwa natembea. Mume wangu anasema hivyo sikuvisoma. Nani ana haki?

JIBU: Bibi, tukimsikiliza mumeo, tutalazimika kumnyang’anya Darwin riwaya zake, kwa sababu nyingi alisomewa. Na tukirudi nyuma zaidi, Augustino katika *Maungamo*, yaliyoandikwa mwishoni mwa karne ya nne, aliona ni jambo la kusimuliwa kwamba Askofu Ambrosi wa Milano alisoma kwa macho tu, ulimi wake ukiwa umetulia. Viandike vyote saba, na uongeze jina la msomaji wa sauti ikiwa limetajwa, maana aliyekusomea amekwisha kukuchagulia mahali pa kusita na pa kukaza.

Kuna vitabu ambavyo ningethubutu kusema vinapungua vikisomwa kimya. Mwezi Agosti niliusoma tena Utenzi wa Mwana Kupona, beti zake 102, nikiupitisha macho kama mtu anayepitia mkataba. Nilimaliza upesi na sikupata kitu nisichokijua. Siku iliyofuata nikausoma kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa, huku nikijionea haya kidogo. Kile kina cha kipande cha nne, kinachorudi ubeti baada ya ubeti, machoni kilikuwa herufi tu. Mdomoni, nilipofika kama ubeti wa ishirini, nilikuwa nimeanza kukingojea, na mara mbili nilikitamka kabla jicho halijafika.